Loth na Asheri Hawakugombana

Loth ni mdogo wangu wa mwisho. Kati yangu na yeye kuna watoto wawili na miaka kumi na mmoja, kwa hiyo alipokuwa anajifunza kutembea mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na alipoanza kuota ndevu mimi nilikuwa nimeshaondoka nyumbani, nafundisha shule ya msingi kule Lembeni. Haya ninayoyaeleza mengi sikuyaona kwa macho. Mengine aliniambia mama, machache baba, na yale ya ndani aliniambia Loth mwenyewe, baada ya miaka, alipoamua kusema.

Kwetu ni Mhezi, juu milimani, upande wa Chome. Baba yetu, mzee Eliufoo, analima tangawizi na maharage. Watu walisema Loth amedekezwa kwa sababu ni kitinda mimba, lakini hakudekezwa. Alikuwa tu mtoto wa kimya. Alirefuka haraka kuliko wenzake, akawa na mikono mikubwa ambayo hajui aiweke wapi, na akicheka anaziba mdomo.

Asheri alikuwa mtoto wa jirani, nyumba ya tatu ukishuka kuelekea kwenye ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na msemaji. Walianza darasa la kwanza siku moja na wakakaa dawati moja mpaka la saba. Mwalimu akimuuliza Loth swali na Loth akanyamaza, Asheri anasimama: "Anajua, mwalimu, ila leo hajisikii kusema." Usharika wa kanisa letu uliponunua matarumbeta wote wawili walijiunga, Asheri akapewa tarumbeta dogo la kuongoza sauti, Loth akapewa lile besi kubwa kwa sababu ya kimo chake. Mama akipika makande alikuwa anapika na ya Asheri bila kuuliza kama atakuja.

Walitembea wameshikana mikono, au mmoja amemwekea mwenzake mkono begani, kama wavulana wa kwetu walivyotembea siku zote. Hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo ni jambo la kuzungumzwa.

Lilikuja kuzungumzwa walipokuwa kidato cha pili. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu mzito na njia imeteleza, wakachelewa. Waliingia uwanjani paredi imeshaanza, wanafunzi wamepanga mistari, na wao walikuwa bado wameshikana mikono kwa sababu ya kuvuka tope. Mwalimu wa zamu alikuwa mtu wa utani. Loth mpaka leo anasema hakuwa mwalimu mbaya. Aliwaangalia akasema, "Jamani, tuwapigie makofi maharusi wetu."

Shule nzima ikaangua kicheko. Asheri naye alicheka, akainamisha kichwa kulia na kushoto kama bwana harusi anayeshukuru wageni. Lakini Loth alihisi uso unawaka moto. Aliuchomoa mkono wake, akamsukuma Asheri begani, akasema kwa sauti ambayo mistari yote ya mbele iliisikia:

"Mimi simo. Huyu ndiye ananing'ang'ania."

Hicho tu ndicho alichosema. Kicheko kiliongezeka, kisha mwalimu akaendelea na matangazo. Loth anakumbuka kwamba Asheri hakugeuka kumtazama. Alisimama wima, anaangalia bendera, na tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda kama limesahauliwa pale.

Wiki ile Loth alihamia dawati la nyuma. Asheri hakuuliza kwa nini. Hawakugombana. Waliendelea kusalimiana, waliendelea hata na mazoezi ya matarumbeta Jumamosi, lakini Asheri alianza kutoka kwao mapema asubuhi, peke yake. Loth alikuwa anasimama nyuma ya migomba yetu anamwona anapanda, anangoja apotee kwenye kona, ndipo naye anatoka. Kila siku alikuwa anajiambia kesho atamwambia kwamba hakumaanisha. Kesho ikifika anaona bado hapajapatikana mahali pake. Njiani kuna watu, na darasani kuna watu, na kanisani ni kanisani.

Wakati huo baba yake Asheri, Andrea, alikuwa ameshakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimeanza kuwa adimu. Mama yake, Priska, aliona milimani hataweza peke yake, akapata mahali pa kupikia chakula karibu na standi ya Same. Loth alilijua hilo siku yenyewe ya kuhama, alipotoka na ndoo akaona godoro na masufuria juu ya gari. Asheri alikuwa amekaa juu ya mizigo ameshikilia ungo wa mama yake. Walipungiana mikono. Ilikuwa kama miezi miwili baada ya ile paredi.

Kuanzia hapo mdogo wangu akaanza kuumwa, na hakuna aliyejua anaumwa nini. Alilalamika kichwa, kisha tumbo, kisha akaacha kulalamika. Alikuwa anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Matokeo yake ya muhula yakashuka. Mama alimpeleka zahanati, wakampima malaria hakuna, taifodi hakuna, wakampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mama akamwita mwinjilisti, akaja akamwombea vizuri kabisa, na Loth akasema amina.

Baba alikuwa na wasiwasi wake mwingine. Kuna vijana huko kwetu wanatafuna mirungi, na baba aliamini mtoto asiyekula na asiyesema lazima ana majani mahali fulani. Siku moja Loth alipokwenda kuoga, baba alimwaga begi lake lote kitandani. Alikuta madaftari, kalamu, na kitambaa cha kufutia lile besi. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Aliniambia habari hizo baadaye sana, tena kwa aibu.

"Ningekuta majani ningejua la kufanya," alisema.

Na mimi nilikwenda nyumbani likizo ya Desemba, nikamwona alivyokonda. Mimi ni mwalimu, chuoni nilisomeshwa malezi na saikolojia ya mtoto nikafaulu mtihani wake. Nilimkalisha jikoni nikamuuliza kwa utani kama kuna msichana anamsumbua. Akatabasamu akaziba mdomo. Nikajiambia basi, ndiyo hilo, ni umri. Nilimwachia shati nililomnunulia, nikarudi Lembeni. Hata jina la Asheri halikunijia kichwani. Nilikuwa nimeambiwa familia imehama, nikaona ni jambo la kawaida, watu wanahama.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, Alhamisi moja Loth alitoka nyumbani na sare ya shule, akabadilisha shati njiani, akapanda gari la asubuhi linaloshuka Same. Alikuwa amebeba mfuko wa maparachichi aliyoyachuma jana yake, maana hawezi kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu. Njia nzima alikuwa anaipanga sentensi yake: "Asheri, ile siku ya paredi nilikosea, nisamehe." Kisha akaona neno "nisamehe" ni la kanisani, watu watamshangaa. Akaweka "usijali". Akaona "usijali" ni kama yeye ndiye aliyekosewa. Mpaka gari linafika bondeni, joto linaingia madirishani, alikuwa amebakiwa na "ile siku ya paredi" peke yake, akasema mbele ya pale Mungu atasaidia.

Loth alimpata Mama Priska bila shida, kila mtu pale standi alikuwa anamjua. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," na yule mama akaacha mwiko ndani ya sufuria akamkumbatia, akauliza habari za mama yetu, Ernesta, za tangawizi, za mvua, na huku anamwangalia alivyokonda bila kusema. Alimpakulia ugali na mchicha. Wateja walipopungua alikaa mbele yake na kusema kwa sauti ya chini, safari hii kwa Chasu, Kipare chetu, ili wasafiri waliokaa jirani wasielewe. Alisema Asheri hayuko sawa. Baba yake alioa mke mwingine huko Dar, wamepata habari kwa watu, na tangu siku hiyo mtoto hajalitaja jina la baba yake. Shule anakwenda siku mbili anaacha tatu. Siku moja alimkuta amelala kifudifudi ameuma shuka, mabega yanatikisika na sauti haitoki.

"Nilirudisha mlango polepole, nikajifanya sijaona," alisema. "Ningemwambia nini? Wewe ndiye mwenzake, baba. Muulize wewe. Wewe atakwambia."

Loth akasema sawa, mama. Kwa hiyo alipoinuka pale alikuwa na mizigo miwili, ile sentensi yake aliyotoka nayo Mhezi na ombi la yule mama.

Alimkuta Asheri kwenye kijiwe cha bodaboda, amekaa juu ya pikipiki ya mtu. Alikuwa amerefuka, sauti imekuwa nzito, nywele amenyoa pembeni na kuacha za juu. Alipomwona Loth alishtuka, na Loth anasema kwa muda mfupi sana, kama mtu anapofunua pazia na kulirudisha, uso wake ulikuwa ule ule wa zamani. Kisha akasema, "Oya, Loth," wakagonganisha ngumi.

Mmoja wa wale vijana aliuliza huyu ni nani.

"Ni jamaa wa kule kwetu juu," Asheri alijibu. "Tulisoma wote."

Ni kweli walisoma wote, na Loth alijua hakuna uongo hapo. Lakini aliniambia kwamba kwa lile "jamaa" na lile "tulisoma wote" alijiona amefanywa mgeni. Kijana mwingine akasema huyu kweli katoka juu, ona viatu, udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Wakacheka. Asheri naye alicheka kidogo, na Loth akakumbuka jinsi kicheko kinavyoweza kumtoka mtu bila yeye kukitaka.

Hata hivyo Asheri aliteremka kwenye pikipiki akamwambia twende. Walitembea mpaka kwenye reli, wakakaa juu ya tuta la mawe, jua kali, upepo unapeperusha vumbi na mifuko ya plastiki. Hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mbuzi waliokuwa wanatafuta majani kati ya mataruma. Walikaa pale karibu saa nzima. Sehemu hii Loth aliielezea taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha njiani.

Waliongea habari za mpira. Waliongea habari za mwalimu wa hesabu aliyehamishwa. Asheri akauliza nani anapiga tarumbeta lake siku hizi, na Loth akasema ni Zephania.

"Zephania? Yule anapuliza kama anapoza chai."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kweli, Loth akaziba mdomo. Akajua kwamba ni sasa.

"Asheri," akasema.

"Naam."

Ile sentensi haikuja. Alifungua mdomo akakuta haipo, au ipo lakini ni kubwa kuliko njia ya kutokea. Akashika ile nyingine iliyokuwa karibu zaidi.

"Mama yako anasema hauko sawa."

Uso wa Asheri ukafungwa. Aliokota jiwe dogo, akalitupa kwenye kopo lililokuwa ng'ambo ya reli, akalikosa.

"Mama anaongea sana. Mimi niko poa."

"Sawa."

"Wewe je? Mbona umekonda hivyo?"

"Niko poa tu."

Asheri akatupa jiwe lingine, na lingine, yote yanakosa, na kila mara alikuwa anatupa kwa nguvu zaidi, mpaka mbuzi wakakimbia. Loth aliutazama mkono wake unavyookota na kutupa. Alitaka kuushika. Aliniambia hivyo, bila kuniangalia: alitaka tu kuushika ule mkono utulie, kama walivyokuwa wanashikana wakivuka tope. Aliangalia huku na huku, na ingawa hapakuwa na mtu hakuweza. Akaiweka mikono yake mikubwa katikati ya magoti, akaibana.

"Gari lako litakuacha," Asheri akasema mwishowe.

Alimsindikiza mpaka standi. Alisimama pembeni ya gari, mikono mfukoni, hakuondoka mpaka likajaa. Lilipoanza kusogea alipiga bodi mara mbili kwa kiganja kama wanavyofanya makondakta.

Nilimuuliza Loth kwa nini hakushuka.

"Nilitaka. Lakini ningeshuka nikasema nini, dada?"

Nyumbani walikuwa wanamtafuta. Shule ilikuwa imetuma ujumbe kwamba hakuonekana, mama amelia, na baba alikuwa amekata fimbo akaenda kumngoja barabarani magari yanapoishia. Alikuwa amepanga maneno makali, yeye mwenyewe alinieleza. Lakini gari liliposimama akamwona mtoto anateremka akiwa ameshikilia mfuko mtupu, uso wake kama wa mtu aliyetoka kuzika, ile hasira ikamtoka yote na hapakuja kitu kingine badala yake. Akamuuliza, "Umekula?" Loth akasema amekula. Wakapanda kilima mpaka nyumbani, baba anaiegemea ile fimbo kama mkongojo.

Asubuhi yake baba alimzuia kwenda shule, akamchukua shambani. Walipalilia tangawizi mpaka jua likatoka kwenye ukungu. Baba akasimama, akaegemea jembe, akasema, "Mimi nilipokuwa na umri wako..." Loth akanyanyua kichwa. Anasema alisubiri, kwa kweli alisubiri, angemwambia yote siku ile kama baba angemalizia. Baba aliangalia kule msituni, akakohoa, akasema mashina ya upande huu yameanza kuoza, inabidi wachimbe mfereji.

Nilipomuuliza baba alikuwa anataka kusema nini, alivua kofia akaiweka gotini. Kisha akasema naye alikuwa na mwenzake, miaka ile, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi. Alitaka kumwambia Loth habari hiyo. "Sikujua unaanzaje," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba baba aliwahi kuwa na rafiki.

Asheri aliacha shule mwaka ule ule. Loth alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akaanza kujifunza useremala hapo kijijini. Walionana mara moja tu baada ya hapo, bibi yake Asheri, mzee Dorkasi, alipofariki na familia ikapanda kuja kuzika. Matarumbeta yalipiga, Loth akiwa kwenye besi. Baada ya ibada watu walipanga mstari wa kuwapa mkono wafiwa, naye akapanga. Alipofika mbele ya Asheri aliushika mkono wake, akasema, "Pole."

Aliniambia kwamba katika lile neno aliweka kila kitu. Aliweka bibi, aliweka baba aliyeko Dar, aliweka paredi, dawati la nyuma na lile tuta la reli. Hilo ndilo neno pekee ambalo mwanaume anaruhusiwa kumwambia mwanaume mwenzake mbele ya watu akiwa amemshika mkono. Asheri alimwangalia, akakaza mkono kidogo, au pengine Loth alidhani tu amekaza.

"Nimeshapoa," Asheri akajibu, kama watu wote wanavyojibu. Na nyuma ya Loth kulikuwa na watu wengi wanangoja zamu yao.

Siku hizi Asheri yuko Dar. Mama Priska anasema alikwenda kumtafuta baba yake, hajui kama alimpata. Namba yake inabadilika kila baada ya miezi michache. Loth alikuwa na moja, haiiti tena.

Haya yote Loth alinieleza Agosti iliyopita, tunachuma maharage nyuma ya nyumba, yeye akiwa amenipa mgongo mstari mzima. Alipomaliza nilitafuta cha kumwambia. Nilimwambia asijilaumu, alikuwa mtoto.

"Na yeye alikuwa mtoto," Loth akasema, akaendelea kuchuma.

Nilitaka kumshika bega lakini ana miaka ishirini sasa, ananipita kwa kichwa kizima, na nilipoinua mkono nilijikuta namtoa jani shingoni. Jioni nilikwenda kumuaga mama, na kesho yake nikarudi kazini.

Mama akinipigia simu huwa ananiuliza kama Loth anaongea na mimi. Namwambia anaongea. Ananiuliza, mnaongea nini? Namwambia ukweli: tunaongea habari za mbao, na ipi inapinda ikikauka, na za kitanda anachomtengenezea mtu wa Chome.